Sepetu la Jumapili

Baba alikufa Ijumaa alasiri, mkono wake ndani ya wangu, akilalamika kwamba chai imepoa. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho na siyaonei aibu. Mtu aliyetunza ufunguo wa abasia ya Kilbrenna, magofu ya monasteri ya wamonaki wa kale, miaka thelathini na mmoja, akawafungulia wageni wa kila nchi katika kila aina ya mvua, alikuwa na haki ya kunywa chai ya moto.

Jumapili mchana jeneza lilikuwa sebuleni, saa ya ukutani tumeisimamisha kama ilivyo desturi, na nyumba imejaa majirani wanaokula mikate ya nyama na kusema marehemu anaonekana vizuri. Anaonekana vizuri! Alionekana amekufa. Nilikuwa jikoni nikikata mkate wa soda nisije nikamjibu mtu vibaya, ndipo honi ya basi ikalia getini.

"Usiniambie ni yule," Mama alisema.

"Ni yeye. Wageni wake walipangiwa siku hii tangu Machi."

"Na maiti ndani?"

"Abasia haijafa, Mama. Aliyekufa ni Baba."

Neno lilinitoka kabla sijalitafuna. Mama aliweka birika chini, akaniangalia mpaka nikageuza uso. Sikumwomba radhi. Nilikuwa sijalala tangu Alhamisi.

Kaka yangu Flannan alikuwa amesimama mlangoni, suti nyeusi imembana tumboni. "Lete ufunguo, nitawafungulia mimi."

"Wewe? Hujui hata kufuli linageukia upande gani."

"Basi nenda, lakini usikawie, watu wanakuja kutupa pole. Na huyo Hehir wa basi mwambie asiondoke. Nina kazi naye."

Kazi gani? Sikuuliza. Nilikuwa nimekwisha kuvaa koti.

Niseme kweli, maana nimechoka kuificha. Nilikuwa na hamu ya kumwona Cathal Hehir, na baba yangu hajazikwa. Anicheke atakaye. Yeyote aliyewahi kupenda akiwa na miaka thelathini na sita, kwa siri, katika parokia ambayo hata kuku wanajua umevaa nini, atanielewa.

Shamba la kina Hehir na letu limetenganishwa na ukuta mmoja tu wa mawe. Nilimjua Cathal tangu tukiwa watoto wa kurushiana viazi vibovu. Alipofika miaka thelathini alimchumbia Noreen, binti wa Mzee Talty, na wiki moja kabla ya harusi akapanda meli kwenda Uingereza, akamwachia msichana wa watu keki, gauni, na ukumbi wa watu mia mbili. Alirudi baada ya miaka minne, akanunua basi dogo, akaanza kuwatembeza wageni kwenye abasia na makasri. Watu walimnunia. Flannan akampachika jina, "Mwanaume Suruali," na jina likanata.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimfungulia geti kila Jumatano na Jumapili. Mwaka wa kwanza nilimnunia pamoja na wenzangu. Mwaka wa pili nikaanza kumcheka. Wa tatu, nikajikuta Jumatano asubuhi nimesimama mbele ya kioo nikibadilisha sketi, nikajiambia, haya, Ethna, umekwisha.

Tulipendana mbali na nyumbani, kwenye abasia za watu wengine, ambako hakuna anayemjua mama yangu. Kule Corcomroe, katikati ya yale mawe matupu, alinishika mkono mara ya kwanza. Holycross alinibusu nyuma ya nguzo mpaka mtunza kanisa akakohoa. Na Jerpoint, mbele ya wale watu wa mawe waliochongwa kwenye ua wa wamonaki, alivua kofia akasema, "Ethna, hawa wamesimama hapa miaka mia sita na hakuna aliyelalamika mgongo. Mimi na wewe tungeweza hata thelathini?" Nilimwambia ndiyo kabla hajamaliza. Tukapanga kutangaza Krismasi.

Aliyejua ni Baba peke yake. Jumanne ile ya mwisho Cathal aliingia kwa mlango wa nyuma, Mama akiwa kwa daktari, akakaa kando ya kitanda. Baba alimgeukia.

"Utanibeba, mwanangu?"

Kwetu jeneza hubebwa na watu wa nyumba: watoto, ndugu, wakwe. Cathal alijua anaulizwa nini. Macho yalimjaa machozi, nami nikampenda upya.

"Nitakubeba, Mzee."

"Basi nitajitahidi kupunguza uzito," Baba alisema.

Haya, sasa mnajua nilitoka nyumbani na nini moyoni.

Wageni walikuwa kumi na wanane, wastaafu kutoka Wisconsin, wote wamevaa makoti ya mvua ya manjano. Nilifungua geti. Cathal aliwaingiza kanisani, yaani kati ya kuta nne zisizo na paa, akaanza hotuba yake ya siku zote. "Hapa, mabibi na mabwana, wamonaki walikula mara moja kwa siku. Na mzee wa hapa huwaambia wageni kwamba hata hiyo mara moja ilikuwa kabichi..." Alikuwa amesema "huwaambia," kana kwamba Baba yu hai. Akavua kofia, akawaambia wapige picha wanavyotaka, wajihadhari na ngazi, akaja nilipokuwa, nyuma ya ukuta wa sakristia.

Hakunigusa. Alisimama mbele yangu, mvua inamtiririka usoni, akanitazama kwa macho ambayo hadi leo nikifumba yangu nayaona.

"Umekula?"

"Kila mtu ananiuliza kama nimekula."

"Basi sikuulizi."

"Nimekula," nilisema, nikaanza kulia kama mjinga. Akanikumbatia. Koti lake lilinuka dizeli na sabuni, na kwa dakika moja dunia ilikuwa inavumilika.

"Cathal, wageni wakimaliza, njoo ndani. Usije kama jirani, ukatupa mkono wa pole ukaondoka. Njoo ukae kwenye benchi letu, karibu na jeneza."

Nilimhisi akikakamaa. "Leo?"

"Leo."

"Mpenzi wangu, mama yako atanimwagia birika."

"Akumwagie. Utapona."

"Tulisema Krismasi."

"Tulisema Krismasi Baba akiwa hai! Krismasi nitakaa na nani upande wangu? Na Flannan?"

"Nisikilize. Kesho nikilibeba jeneza, kila mtu ataona kwa macho yake. Si inatosha? Sitahitaji kutamka neno."

"Na Flannan akikuuliza unabeba kama nani?"

Alitazama chini. Maji yalikuwa yamejaa kwenye jiwe la kaburi la padri fulani wa zamani, jina lake limefutika.

"Nitamjibu."

"Utamjibuje? Jibu sasa, nisikie."

"Nitamwambia, mimi ni wa nyumba hii."

Alilisema vizuri sana, kwa sauti nzito, kichwa juu, pale ambapo hapakuwa na wa kumsikia ila mimi na kunguru. Nikamwamini. Nilimfuta uso kwa kiganja changu, naye akakibusu, na ndipo tukasikia viatu vizito kwenye kokoto.

Flannan aliingia kwa mlango wa magharibi, suti bado mwilini, viatu vya shambani miguuni, na sepetu begani. Nyuma yake alikuwa Mzee Talty. Ndiyo, baba yake Noreen. Tukaachana upesi, lakini kaka yangu hakuwa kipofu.

"Bwana Hehir," alisema. Hakuwahi kumwita bwana. "Samahani kukukatiza na wageni. Unajua kesho ni Jumatatu."

"Najua."

Nani asiyejua? Kwetu kaburi halianzwi Jumatatu. Ukilianza Jumatatu, unaita maiti wa pili kabla mwaka haujaisha, na hata padri, ambaye husema ni ushirikina, mamake alizikwa Jumanne. Kwa hiyo mazishi yakiangukia siku hiyo, mtu huenda Jumapili akakata pande la kwanza la nyasi. Linatosha. Kaburi linahesabiwa limeanzwa Jumapili.

"Wachimbaji ninao watatu," Flannan aliendelea. "Wa nne nimekuwekea nafasi wewe, tena nafasi ya heshima, ya kukata pande la kwanza. Marehemu alikupenda, hilo kila mtu analijua. Shika."

Akamnyooshea sepetu, mpini mbele.

Watu wa nyumba hawachimbi. Hilo nalo tunalinyonya na maziwa. Mtoto hamchimbii baba, mkwe hamchimbii mkwe. Wao hubeba, na sepetu hawaligusi. Kuchimba ni kazi ya jirani, na jirani akiombwa hakatai, hata kama hamjasalimiana miaka kumi. Asiyekataa ni jirani. Anayekataa ana sababu moja tu inayokubalika chini ya mbingu, nayo ni kusema yeye ni wa nyumba.

Cathal alijua. Flannan alijua. Kaka yangu hakuwa amekuja kuomba msaada, alikuwa amekuja kuuliza swali.

Wageni wenye makoti ya manjano walikuwa wameanza kusogea. Bibi mmoja mfupi, mwenye kofia ya nailoni, aliniuliza kwa upole, "Dada, hii ni sehemu ya ziara?"

"Mbona umeduwaa, Hehir?" Flannan alisema. "Sepetu ni zito?"

"Mpe muda," alisema Mzee Talty, bila hata kumtazama Cathal. "Huyu huhitaji wiki nzima ya kufikiri, kisha hupanda meli."

Damu ilimpanda Cathal usoni hadi masikioni. Akageuka akanitazama. Nilisikia mvua ikigonga makoti ya wageni. Nilisubiri. Moyoni nilikuwa namsukuma, sema, sema, mpenzi wangu, maneno matano tu, umetoka kuyasema sasa hivi.

Na mimi je? Mdomo ninao. Ningeweza kusema, "Flannan, huyu hachimbi, huyu ni wangu." Ingekwisha. Mama angelia, Talty angetema mate, na kesho Cathal angebeba. Nimejiuliza tangu siku ile kwa nini sikusema, na jibu ni moja na si zuri. Nilitaka aseme yeye. Nilikuwa na kiburi kuliko mapenzi, au nilikuwa na woga nikauita kiburi. Nilifunga midomo yangu na kumwangalia.

Akashika sepetu.

Tulikwenda mpaka upande wa kusini, makaburini, ambako wahenga wetu wamelala tangu enzi za wamonaki. Nilifuata kwa sababu miguu ilifuata. Cathal aliweka wayo juu ya sepetu, akabonyeza. Nyasi zilikatika kwa sauti ndogo, kama kitambaa kinachochanwa. Akakata pande la mraba, akaliinua, akaliweka kando, nyasi zikitazama juu, kama inavyotakiwa. Alifanya kazi safi. Kamera zilikuwa zikilia pande zote, na mzee mmoja wa Wisconsin, Mungu amsamehe, akapiga makofi.

"Asante, Hehir," Flannan alisema, akipokea sepetu. "Wewe ni jirani mwema."

Kisha akanitazama. Nilitegemea kuona furaha usoni mwake, lakini haikuwapo. Nadhani alikuwa ametumaini kidogo kwamba Cathal angemshinda.

Getini, wageni wakipanda basi mmoja mmoja na kunishukuru, Cathal alinishika kiwiko.

"Ni nyasi tu, Ethna."

"Ndiyo. Nyasi."

"Ulitaka niseme nini mbele ya Talty? Mbele ya Talty, Ethna! Kwamba nimeposa tena?"

"Maneno matano."

"Na wewe? Nilikutazama. Ungesema neno moja ningelitupa lile sepetu mtoni. Ulisimama pale kama wale wa Jerpoint."

Hilo lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli. "Ningeweza kusema," nilimwambia. "Sikutaka mume wa kusemewa."

"Nitaongea na Flannan. Leo hii. Nitamwambia nilikosea."

"Utamwambia ulikosea kumchimbia baba yangu? Nenda kamwambie. Nyumba imejaa, watu watasikia vizuri."

Alitazama dirisha la sebule yetu, pazia limefungwa, vivuli vya watu vikipita nyuma yake. Akafungua mdomo. Ndani ya basi yule bibi wa kofia ya nailoni akauliza kama watawahi chai kwenye kasri linalofuata, walikuwa wameahidiwa keki.

"Nitakuja baadaye," Cathal alisema.

Nilifunga geti. Hakuja. Baadaye nilisikia kwamba alifika hadi kwenye ukuta wa mawe, akasimama upande wa shamba lao, akarudi. Sijui kama ni kweli. Aliyeniambia alikuwa Mama, na alinionea huruma aliponiambia, jambo lililoniumiza kuliko kama angenicheka.

Jumatatu mvua haikupumua. Wanne wale, Mzee Talty mmojawapo, walichimba tangu alfajiri. Tulipofika na jeneza, kaburi lilikuwa tayari, kingo zake zimenyooka, maji yamechotwa kwa ndoo hadi tone la mwisho. Wabebaji walikuwa sita: Flannan, baba zangu wadogo wawili, wajomba wawili, na kwenye pembe ya nyuma ya kushoto binamu mmoja kutoka Limerick ambaye Baba hakutaka hata kukaa naye kwenye picha. Walijikwaa mara moja, pale kizingitini. Mama alinikamata mkono kwa kucha.

Cathal alikuwa amesimama na wenzake mbali kidogo, kama wachimbaji wanavyosimama, mikono juu ya mipini, kofia zimevuliwa. Udongo ulimfika magotini. Nilijizuia nisimtazame, nikashindwa, nikakuta ananitazama. Kama angeivuka ile nafasi, hatua kumi na mbili, akaja kusimama kando yangu, hata wakati ule, hata na udongo wake, ningempisha. Naapa mbele ya Baba, ningempisha. Padri alisoma. Kamba zikashuka. Hakuivuka.

Walifukia, wakalirudisha pande la nyasi juu, wakalipigapiga kwa mgongo wa sepetu mpaka likakaa. Mama akanipa chupa ya wiski na glasi iliyokuwa kwenye mkoba wake. Binti wa nyumba ndiye huwanywesha wachimbaji, tena palepale kaburini, na hakuna anayeondoka kabla ya kunywa.

Nilianza na Mzee Talty. Alishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Pole kwa msiba wako, binti yangu." Akanywa. Alikuwa analia, yule mzee, kwa kweli alikuwa analia.

Wa pili alikuwa Cathal.

Nilimimina. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge yaliyopasuka, maana miaka hii alizoea usukani, si sepetu. Nikaona watu wametusogelea, Mama, Flannan, nusu ya parokia, wakijifanya wanasoma mawe ya makaburi.

Nilimpa nafasi. Nilishikilia glasi sekunde zaidi ya ilivyohitajika, na vidole vyake vilikuwa juu ya vyangu, na alijua ninampa nafasi.

"Pole kwa msiba wako, Ethna," alisema.

Ndivyo jirani humwambia mfiwa, neno kwa neno. Parokia nzima ilikuwa imeniambia hivyo tangu Ijumaa. Mfiwa hamwambii mfiwa mwenzake.

"Asante, jirani," nilimwambia.

Akanywa yote kwa mkupuo mmoja, akanirudishia glasi. Niliipangusa kwa kitambaa, nikammiminia wa tatu.